Jinsi ya kuanzisha kikundi cha wazazi wenye watoto wadogo mtaani kwako

Watu wa mitaa ya Nakuru kama Kaptembwo, Rhonda na Free Area, na siku hizi hata Njoro na Molo, huniuliza maswali yale yale. Kikundi cha wazazi kinaanzaje? Pesa zinatoka wapi? Nitafundisha nini na mimi si mwalimu wala nesi? Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukimaliza kusoma uweze kuitisha mkutano wako wa kwanza mwezi huu huu.

Kikundi ninachozungumzia ni hiki: wazazi au walezi kumi hivi wenye watoto walio chini ya miaka 3, wanaokutana karibu na nyumbani mara moja kila wiki mbili, watoto wakiwepo, na kufanya pamoja mambo wanayoweza kuyarudia nyumbani bila kununua kitu. Kama unachotaka ni semina ya watu mia moja na spika, huu si mwongozo wako.

Kwa nini chini ya miaka 3? Mtoto huingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka 4. Kliniki nayo humwona sana mwaka wa kwanza, kisha chanjo ya pili ya surua akifika miezi 18, na wazazi wengi hata hiyo huisahau. Katikati hapo hakuna anayemuuliza mzazi mtoto anaendeleaje, na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Na je, vikundi hivi husaidia kweli? Huko magharibi mwa Kenya utafiti ulioitwa Msingi Bora uliwahi kuvijaribu katika vijiji 60. Vijiji vingine vilipata vikundi vya wazazi, vingine vikapata vikundi pamoja na ziara za nyumbani, vingine vikaendelea kama kawaida. Walioongoza walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, watu wa pale pale kijijini, na mikutano ilikuwa 16, kila wiki mbili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba watoto wa wazazi waliokuwa kwenye vikundi walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili na lugha kuliko wale wa vijiji visivyo na vikundi. Tena vikundi peke yake havikushindwa na mpango ule wa gharama zaidi wenye ziara za nyumbani. Mimi hupenda kuwaambia watu habari hii kwa sababu inaondoa woga: kazi ilifanywa na majirani, si na wataalamu kutoka Nairobi.

Nadharia inaishia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wawili wa kuongoza. Mmoja akiongea, mwingine anaangalia watoto na kumfuata mama anayetoka nje akiwa na uso mzito. Ukiwa peke yako utachoka kabla ya miezi miwili kuisha.
- Mahali pa bure penye kivuli, maji na choo: ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada, darasa la madrasa, uwanja wa ploti kubwa, baraza ya shule ya chekechea mchana ikiwa imefungwa.
- Mkeka au turubai la kutosha watu wote kukaa chini. Usipange viti. Mzazi akiwa kwenye kiti na mtoto chini, hawachezi.
- Kapu la vitu vya kuchezea: chupa za plastiki, vikombe, vijiko vya mbao, sufuria kuukuu, masanduku ya karatasi, vitambaa vya rangi, leso mbili tatu.
- Maji ya kunawa na sabuni.
- Daftari moja la mahudhurio.
- Kitabu cha kliniki cha kila mtoto, kile cha afya ya mama na mtoto. Waambie waje nacho kila mara.
- Namba za simu zilizoandikwa nyuma ya daftari: mhudumu wa afya ya jamii wa eneo, zahanati ya karibu, 116 ambayo ni ya bure kwa mambo ya watoto, na 1195 kwa dhuluma za kijinsia.

Huhitaji tisheti, bango, soda, projekta wala cheti cha usajili. Na pesa za kuanzia pia huzihitaji. Nimeona vikundi vingi vikifa kwa sababu ya pesa zilizokuja mapema kuliko nilivyoona vikifa kwa kuzikosa.

Hatua

1. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Kila eneo lina wake, na tangu Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba ya vifaa, ukiwemo mizani na kipimajoto. Huyu anazijua nyumba zenye watoto wachanga, anajua nani kajifungua juzi, na akina mama humfungulia mlango. Mwombe awe mmoja wa wale viongozi wawili. Akisema ana kazi nyingi, na kweli anazo, mwombe angalau aje mara moja kwa mwezi na tepi ya kupimia unene wa mkono wa mtoto, inayoonyesha kama ana utapiamlo.

2. Mjulishe mzee wa Nyumba Kumi, kisha chifu au naibu wake. Huombi kibali cha kuzungumza na majirani zako, unaweka heshima na kuzuia uvumi. Watu wakiona akina mama wanakusanyika na watoto watauliza ni mambo ya siasa, ya mkopo au ya kanisa jipya. Ni afadhali mzee awe na jibu.

3. Pita mlango kwa mlango. Usibandike tangazo. Bisha hodi, kaa dakika kumi, mshike mtoto mkono, uliza jina lake na umri wake. Sema wazi: "Tunakutana Jumapili saa tisa pale kwenye ploti ya mawe, tunacheza na watoto na kusaidiana malezi. Hakuna pesa ya kutoa wala ya kupewa." Sentensi hiyo ya mwisho iseme mlangoni, usingoje mkutanoni.

   Ukipita, angalia vizuri nani analea. Huku kwetu mtoto wa mama anayefanya kazi ya zamu, sokoni au kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, mara nyingi hushinda na nyanya yake (shosho), na dada mkubwa, na yaya, au na yule mama wa ploti anayewekewa watoto saba kwa shilingi kadhaa kwa siku. Wote hao waalike. Yule mama anayelea watoto wa wenzake ni wa maana kuliko mtu yeyote kwenye orodha yako, kwa sababu akijifunza jambo moja linawafikia watoto saba.

   Uliza pia, kwa upole, kama kuna mtoto mwenye ulemavu. Kuna familia hazitamtaja usipouliza, si kwa ubaya, ni kwa kuchoka na maneno ya watu. Mama akikuambia "huyo hawezi kucheza na wengine", mwambie aje naye hivyo hivyo.

4. Weka kikomo: familia 10 hadi 15, na zote za umbali wa kutembea. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hatapanda matatu kuja kwenye kikundi chako. Wakizidi 15, anzisha cha pili.

5. Chagueni siku na saa pamoja, kisha msizibadilishe. Usiamue wewe. Wauzaji wa mboga hawapatikani asubuhi, wa mashamba ya maua wana Jumapili tu, wa mama fua hawajui kesho yao. Kwa wengi Jumapili mchana baada ya ibada hufaa, au Jumatano alasiri kwa wanaoshinda nyumbani. Ikishachaguliwa ibaki hapo, hata wakija watatu. Kikundi kinachohamisha siku mara mbili, mara ya tatu hakina watu.

6. Mkutano wa kwanza uwe mfupi. Saa moja. Majina ya watoto kwanza, ya wazazi baadaye. Mkubaliane mambo manne tu: yanayosemwa hapa hayatoki nje, hakuna anayechekwa kwa swali, mtoto hapigwi kikundini, hakuna picha ya mtoto itakayopigwa na kuwekwa kwenye status ya WhatsApp bila mzazi wake kukubali. Hilo la picha si adabu tu, Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na watoto wamo. Kisha cheza nao mchezo mmoja, waende nyumbani wakiwa bado wanataka zaidi.

7. Panga mada za miezi minane mbele. Mikutano 16 inatosha kwa mzunguko mmoja. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwaka 2018 mfumo wa malezi wenye mambo matano: afya, lishe, kumwitikia mtoto, usalama, na kujifunza mapema. Utumie kama kikumbusho usije ukakaa kwenye chakula tu, kwa sababu chakula ndicho kila mtu anachojua kuzungumzia. Mpango wangu mimi huanza na kuzungumza na mtoto, mikutano mitatu mizima, kwa kuwa hakugharimu kitu na mzazi huona mabadiliko haraka. Halafu michezo kwa umri. Halafu chakula, usalama nyumbani, adabu bila kiboko, uchovu na huzuni ya mama, nafasi ya baba, na mambo ya karatasi kama cheti cha kuzaliwa.

   Kwenye chakula yaseme machache na uyarudie: maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, bila maji wala uji; kuanzia miezi 6 chakula kizito pamoja na kunyonya, hadi miaka 2 na zaidi. Uji unaomwagika kama maji haushibishi. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Omena iliyosagwa, yai, maharagwe yaliyopondwa, parachichi, viazi vitamu, mboga za kienyeji: vyote vinapatikana Soko Mjinga kwa bei ya mtu wa kawaida. Vitamini A ni kila baada ya miezi sita tangu mtoto afikishe miezi 6 hadi atimize miaka 5.

   Wasomaji wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Busia wana nyongeza moja: chanjo ya malaria, iliyoanza Homa Bay mwaka 2019. Dozi ya nne huja muda mrefu baada ya ya tatu, na ndiyo inayosahaulika. Kagua kitabu cha kliniki cha kila mtoto.

   Kwenye usalama, leta hatari za vyumba vyetu, usisome za kwenye vitabu. Hapa Nakuru baridi ya Julai huwafanya watu walale na jiko la makaa ndani na dirisha limefungwa. Hewa yake huua bila harufu, na jiko litoke nje kabla ya kulala. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda: mtoto akiyanywa usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja. Beseni la maji ya kufulia, hata kina kidogo, mtoto anayejifunza kusimama anaweza kutumbukia kichwa mbele. Chai ya moto kwenye kona ya meza yenye kitambaa kinachoning'inia. Waambie wazazi warudi nyumbani, wapige magoti, watazame chumba kutoka usawa wa macho ya mtoto.

8. Endesha kikao kwa mpangilio mmoja kila mara. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

   Dakika kumi za kwanza ni salamu, kunawa mikono na wimbo mmoja wa kwenu nyumbani, kwa lugha yoyote. Mtaa kama Kaptembwo una Wakikuyu, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na Wakalenjin kwenye ploti moja, kwa hivyo Kiswahili ndicho cha kikao, lakini wimbo wa mtoto uimbwe kwa lugha ya mama. Wengine watauiga, na utashangaa jinsi watu wanavyolegea.

   Dakika kumi na tano ni za kuulizana: mlijaribu nini wiki mbili zilizopita? Nini kilikataa? Usipite hapa mbio. Mzazi akisema alijaribu na hakufaulu, waulize wenzake kwanza kabla hujajibu wewe.

   Kisha dakika nyingi kuliko zote, thelathini hadi sitini, ni za kufanya. Tuseme mada ni kumwitikia mtoto. Usitoe hotuba. Mwombe mama mmoja akae mbele na mtoto wake, tuseme wa miezi kumi, na mumtazame mtoto nyote. Mtoto anageuza kichwa, paka amepita mlangoni. Mwambie mama amfuate macho: "Paka! Umemwona paka?" Kisha anyamaze. Hapa mama wengi huendelea kuongea. Mwambie ahesabu moyoni hadi tano. Moja, mbili, tatu... mtoto anarusha mkono, "pa!" Mama: "Eeh, paka! Ameenda wapi paka?" Anangoja tena. Mtoto anamtazama mama, anatazama mlango, anamtazama mama. Basi, hayo ni mazungumzo. Waambie wote walione hilo: mtoto alisema, mama akajibu, mtoto akasema tena. Halafu kila mzazi ajaribu na wake kwa dakika kumi, wewe ukizunguka na kutaja kile unachokiona kizuri: "Umemngoja, umeona alivyokujibu?" Neno moja la namna hiyo linamfanyia mzazi kazi kuliko nusu saa ya mafundisho.

   Mnaweza pia kutengeneza kitu. Chupa ndogo ya plastiki, maharagwe ndani, kifuniko kigundishwe na kufungwa kwa utepe imara, tayari ni kayamba. Onyo: kifuniko kikifunguka, haragwe moja linatosha kumkaba mtoto. Vuta kifuniko kwa nguvu zako zote kabla ya kumpa. Vifuniko vya chupa peke yake, vifungo, na karanga nzima visiwe kwenye mkeka.

   Mwisho, dakika tano za kukumbushana kazi ya nyumbani na siku ya kukutana. Saa moja na nusu, imekwisha. Ukipitisha hapo watoto wanalia na kesho mama hana hamu.

9. Toa kazi moja ya nyumbani, moja tu. "Kila siku ukimwogesha, mtajie viungo vyake na umngoje akujibu." Iingie kwenye shughuli ambayo mzazi tayari anaifanya: kuogesha, kulisha, kuchambua mboga, kufua. Mama anayeamka saa kumi usiku kwenda kuchukua bidhaa hana "muda wa kucheza", lakini anamvalisha mtoto nguo kila siku.

10. Walete akina baba kwa kazi maalumu. Ukisema "baba pia mnakaribishwa" hawatakuja. Mwambie baba fulani: "Jumapili ijayo tunatengeneza gari la sanduku, njoo na kisu na waya." Atakuja, na akishakuja mpe mtoto wake amshike, usimweke pembeni kama fundi. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wameoana au hawajaoana. Hilo liseme mara moja, bila kelele, kisha mcheze. Baba mwendesha boda anayejua kumwimbia mwanawe atawaleta wenzake wa steji kuliko wewe utakavyoweza.

11. Jua mahali pa kumtuma mtu. Wewe si daktari, na hupaswi kuwa. Mtume mtoto zahanati siku hiyo hiyo ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mtume kwa uchunguzi, bila kumtisha mzazi, ikiwa miezi 9 imepita na hakai bila kushikiliwa, miezi 18 na hatembei, au miaka 2 na hana neno lenye maana. Tepi ya mkono ikisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, hiyo ni nyekundu, aende leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, aende wiki hii.

    Na mama mwenyewe. Muulize kando, si mbele ya watu: wiki hizi mbili umekuwa na huzuni siku nyingi? Vitu ulivyokuwa ukivipenda bado unavipenda? Akijibu vibaya kwa yote mawili, usimwambie aombe tu na ajikaze. Fuatana naye hadi zahanati. Fuatana naye kwa miguu, kwa sababu ukimwandikia karatasi hataenda.

12. Pesa na usajili viwe mwisho. Baada ya miezi kadhaa watu wenyewe watataka kuchanga. Ni sawa, lakini chama kiwe na siku yake na daftari lake, ili asiye na mchango asikose kikao cha mtoto. Mkitaka kujisajili, sheria ya mwaka 2022 ya vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua 10. Mtaenda ofisi ya maendeleo ya jamii na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano, na orodha ya wanachama na vitambulisho vyao.

Kuhusu kiboko

Mada hii nimeitenga kwa sababu italipua kikao usipojiandaa. Mtu atasema, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Usibishane na malezi ya mama yake. Katiba, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu, lakini ukianza na sheria watanyamaza na kurudi nyumbani kuchapa. Anza na umri. Uliza: mtoto wa mwaka mmoja na nusu akimwaga uji, alikusudia? Anajua kesho? Watajibu wenyewe kwamba hajui. Kisha waonyeshe la kufanya badala yake: ondoa kitu mbele yake, mgeuze aangalie kingine, mwambie kwa maneno matatu, "Moto, utaungua." Kwa mkubwa kidogo mpe chaguo mbili ambazo zote wewe unazikubali: "Utavaa viatu hivi au hivi?" Na mzazi akihisi hasira imempanda, amweke mtoto mahali salama, atoke mlangoni, anawe uso. Mwombe kila mmoja ataje saa ambayo hukasirika zaidi. Karibu wote watasema jioni, makaa hayajashika, mtoto ana njaa, yeye mwenyewe hajala tangu asubuhi. Hapo mnaweza kupanga kitu cha kweli, kwa mfano ndizi au kiazi kilichobaki kwa saa hiyo, mtoto apewe kabla ya moto kuwashwa.

Mambo yakikwama

*Wanauliza nauli.* Kuna mashirika yaliwazoesha watu hivyo. Jibu liwe lile lile ulilosema mlangoni, na utabasamu. Kama kweli kuna anayetoka mbali mpaka anahitaji nauli, hicho si kikundi chake. Msaidie aanzishe kwao.

*Wanakuja wamechelewa.* Anza na walio hapo, kwa wimbo. Wakikuta watoto wanacheza watawahi mara nyingine. Ukingoja, unawaadhibu waliowahi.

*Watoto wanalia na hakuna anayesikika.* Maana yake unaongea sana. Nyamaza, toa sufuria na vijiko, wape.

*Shosho anapinga kila kitu.* Mpe kiti cha heshima na umuulize nyimbo na hadithi alizolelewa nazo, awafundishe wengine. Anaposhauri kitu cha hatari, kama kumpa mtoto mchanga wa wiki mbili maji au dawa za kienyeji, mwombe mhudumu wa afya aeleze, wewe usimkosoe mbele ya wakwe zake.

*Mama aliyekuwa akija ameacha.* Mtembelee ndani ya wiki moja. Mara nyingi ni kazi mpya, mtoto mgonjwa, au mume amekataza. Kama mume amekataza, zungumza naye ukiwa na mwanamume mwenzake wa kikundi. Ukiona alama za kipigo, kwa mama au kwa mtoto, usijifanye hujaona na usimkabili mume: 1195 au 116, na umweleze mama namba hizo akiwa peke yake.

*Simu na katuni.* Wazazi watasema mtoto hutulia akipewa simu. Ni kweli hutulia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Usiwalaumu, waonyeshe kitu kingine cha kumtuliza mtoto wakati mama anapika, kama karai lenye vikombe na vifuniko vikubwa, mahali mama anapomwona, mbali na jiko.

*Mwanasiasa anataka kuja kugawa unga.* Mshukuru, mwelekeze kwa chifu. Akigawia kwenye mkeka wenu, mkutano ujao utakuwa na watu themanini, na ule wa baadaye utakuwa na wanne.

*Mvua.* Kuwe na mahali pa pili palipokubaliwa tangu mkutano wa kwanza, hata kama ni veranda. Andika kwenye daftari.

*Mmekuwa wengi.* Wagawe kwa ploti, si kwa urafiki, na wape kundi jipya mama mmoja aliyekaa nawe mzunguko mzima awaongoze. Nenda naye vikao viwili vya kwanza, ukae nyuma na watoto, usiseme chochote mpaka akuulize.